Nani Amekuambia? Kumpima Anayejiita Mtaalamu

Hati ya kipindi: mazungumzo ya sauti moja
Kwa wasikilizaji wa Rubavu na Goma, na kwa vikundi vinavyosoma pamoja

[Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu, sauti inaingia.]

Jambo kwako uliye Gisenyi mjini, Rugerero, Nyamyumba na Busasamana, na kwako uliye ng'ambo ya Petite Barrière, kule Birere, Majengo na Himbi. Jambo pia kwako unayewasomea wenzako hati hii kikundini, kwa sababu betri za redio zimekwisha au kwa sababu saa ya kipindi iliwakuta sokoni.

Leo tunazungumza juu ya mtu mmoja unayemfahamu. Hujawahi kumwona, lakini sauti yake umeisikia. Yumo ndani ya simu yako. Huanza hivi: "Mimi ni mtaalamu wa volkano, nawaambia ukweli mnaofichwa." Au hivi: "Mimi ni daktari, msikubali chanjo hiyo." Au hivi: "Nina mtu wangu mkubwa jeshini, usiku wa leo msilale." Cheo hicho hakupewa na mtu, amejipa mwenyewe. Hata hivyo ujumbe wake unafika kwenye kikundi cha familia, cha kanisa, cha msikiti, cha akina mama wanaouza sambaza, na kabla saa moja haijapita kuna watu wameshafunga mizigo.

Tutampimaje mtu huyo? Hatuwezi kumfuata nyumbani kwake. Hatuna maabara. Tuna simu yenye inite kidogo, na tuna akili zetu. Leo tutaona kwamba hizo zinatosha kwa sehemu kubwa.

[Muziki mfupi.]

Turudi kwanza Mei 2021. Jumamosi tarehe 22, jioni, Nyiragongo ililipuka. Anga juu ya Goma likawa jekundu, na huku Gisenyi watu wakaliona. Usiku huo huo watu wapatao 8,000 walivuka mpaka kuingia Rwanda, na wengi wao wakarudi kesho yake. Lava ilifika ukingoni mwa mji wa Goma, si mbali na uwanja wa ndege, ikasimama. Zaidi ya watu 30 walikufa, na nyumba nyingi ziliungua.

Kisha yakaja matetemeko ya ardhi, siku baada ya siku, mengine yakizidi ukubwa wa 5. Hapa Gisenyi kuta zilipasuka, ufa ukakata barabara ya lami, na wagonjwa wa hospitali ya Gisenyi wakahamishiwa hospitali nyingine. Alhamisi tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Watu laki kadhaa waliondoka. Wengine walikwenda Sake kwa miguu, wengine walipanda boti kuelekea Bukavu, wengine wakaja huku kwetu.

Fikiria hali ya mama mmoja siku ile. Ardhi inatikisika chini ya mkeka, watoto wanalia, na swali ni moja tu: nikae au niondoke? Waliostahili kumjibu walikuwa na sauti dhaifu. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, ambacho wengi wanakijua kwa herufi OVG, kilikuwa kimepungukiwa fedha tangu msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Mlipuko ulikuja wananchi wakiwa hawajapewa tahadhari.

Hapo ndipo anayejiita mtaalamu hupata nafasi yake. Anayejua akinyamaza, hata asiyejua atasikilizwa. Tukumbuke hilo kabla ya kuwacheka walioamini. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na kiu ya habari, na mwenye kiu hanusi maji mara mbili.

Sasa angalia ujumbe wa aina hii hutengenezwaje. Mara nyingi hauanzi na uongo, unaanza na ukweli. Tutoe mfano wetu wenyewe. Tuseme ujumbe unakuja: "Ziwa Kivu lina gesi ya kuua. Ziwa Nyos la Cameroon liliua watu kwa gesi kama hiyo. Lava imeingia chini ya ziwa. Usiku wa leo saa nane ziwa litalipuka. Mimi ni profesa, sambaza kwa wote."

Tuupasue kama samaki.

Ziwa Kivu lina gesi? Ndiyo. Kwenye maji ya chini, kuanzia kina cha mita 250 hivi, kuna kaboni dayoksaidi na methani nyingi sana zilizoyeyuka. Methani hiyo inavunwa upande wa Rwanda na kutengenezwa umeme. Ziwa Nyos liliua? Ndiyo. Tarehe 21 Agosti 1986 gesi ilitoka ziwani na kuua watu wapatao 1,700. Magma kuingia chini ya ziwa, je? Mwaka 2021 wanasayansi walilihofia jambo hilo kweli, na lilikuwa sababu mojawapo ya watu kuhamishwa.

Mpaka hapo profesa wetu hajadanganya. Lakini kuna jambo ameliacha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani yenyewe, watu wakiona. Ilileta msiba mkubwa, lakini gesi ya ziwa haikulipuka, kwa sababu imekandamizwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Hiyo haina maana kwamba hatari haipo. Maana yake ni kwamba kutoka "kuna gesi" mpaka "saa nane usiku" kuna safari ndefu, na profesa ameiruka yote kwa hatua moja.

Saa nane ndiyo inayomuumbua. Hakuna mtu duniani, si Kigali, si Kinshasa, si Marekani wala Japani, anayeweza kukutajia saa ambayo tetemeko kubwa litatokea. Elimu hiyo haijapatikana. Anayekupa saa anakupa kitu ambacho hanacho.

[Muziki mfupi.]

Msikilizaji, hapa pana mtego mwingine. Unaweza kusema: "Basi nitaamini serikali na wataalamu wenye ofisi, yaishe." Ngoja kidogo. Jumamosi tarehe 29 Mei 2021, wakati Goma nusu imehamwa, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba volkano nyingine, Murara, nayo imelipuka. Murara ni kilima kidogo cha volkano jirani na Nyamulagira, ndani ya hifadhi ya Virunga. Tena Goma kuna mtaa wenye jina hilo hilo. Fikiria hofu ya mtu aliyesikia neno moja tu, "Murara".

Saa chache baadaye serikali hiyo hiyo ilisema hapana. Ndege ilikuwa imepita juu kuangalia, na hapakuwa na mlipuko wowote. Moshi ulioonekana ulikuwa wa watu wanaochoma mkaa.

Sasa nikuulize: tukio hili linakufanya uwaamini zaidi au uwaamini kidogo? Wengi watasema kidogo. Lakini tafakari hatua ya pili. Walikosea hadharani, kwa jina lao. Wakatuma mtu kuangalia. Wakarudi mahali pale pale walipotangazia kosa, wakatangaza marekebisho, na wakaeleza moshi ulitoka wapi. Je, yule profesa wa saa nane usiku, saa nane ikipita na ziwa limelala kimya, amewahi kurudi kikundini akasema: "Ndugu zangu, nilikosea"? Mara nyingi hurudi na saa nyingine. Au hanyanyui mdomo kabisa, akingoja tetemeko linalofuata.

Hilo ndilo neno kubwa la kipindi cha leo, na ukisahau mengine ulibebe hili: wa kuaminiwa si yule asiyekosea kamwe, maana huyo hayupo. Wa kuaminiwa ni yule unayeweza kumrudia. Ana jina, ana mahali, ana kitu atakachopoteza akikudanganya, na akikosea anarudi kusema.

[Muziki mfupi.]

Tuchukue basi maswali matano. Unaweza kumuuliza mwenyewe aliyetuma, au ukajiuliza kimoyomoyo.

Swali la kwanza: ni mtaalamu wa nini? Neno "daktari" ni pana. Daktari wa meno hajui volkano. Mchungaji anaweza kuwa mtu wa Mungu kweli na asijue lolote kuhusu Ebola. Aliyeko Ulaya ana intaneti nzuri kuliko yako, lakini ufa wa ukuta wako wewe ndiye unayeuona. Heshima ya mtu katika jambo moja haihami nayo kwenda jambo jingine. Na wakati mwingine mjuzi hana cheo. Wazee wa hapa walilipa jina mazuku lile hewa baya linalokaa mabondeni na kuua mbuzi na watu, kabla wanasayansi hawajaja na vipimo kuthibitisha kwamba ni kaboni dayoksaidi, gesi nzito kuliko hewa. Mzee akikuambia "usilale pale bondeni, pana mazuku", anakuambia kitu alichokiona maisha yake yote. Msikilize.

Swali la pili: amejuaje? Aliona? Alipima? Aliambiwa na nani? Jibu la "nimetumiwa" si jibu. Tazama pia juu ya ujumbe. Ukiona mishale miwili midogo, WhatsApp inakuambia kwamba ujumbe huo umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Huku kwetu tunacheza na neno sambaza, samaki na kueneza. Samaki aliyepita mikono mingi juani unamnunua bila kumnusa? Picha nazo zina njia hiyo hiyo. Picha ya lava inaweza kuwa ya mwaka mwingine au nchi nyingine. Tafuta ndani yake kitu unachokijua: kituo cha petroli, mlima, kibao cha barabara.

Swali la tatu: anakubali asichokijua? Kumbuka tangazo la Mei 27. Gavana hakusema mlipuko utatokea saa fulani. Alisema, kwa maana yake, kwamba kutokana na vipimo vya wanasayansi mlipuko mwingine ardhini au chini ya ziwa hauwezi kuondolewa katika hesabu, na kwamba ungeweza kuja bila dalili au kwa dalili chache. Maneno hayo hayapendezi kusikia, mtu anataka ndiyo au hapana. Lakini ndivyo mtu anayejua anavyozungumza juu ya mlima. Ujuzi una mipaka, na mwenye ujuzi anaijua mipaka yake. Debe tupu haliachi kuvuma.

Swali la nne: alikosea lini, na alifanya nini? Hapa una nguvu kuliko unavyofikiri, kwa sababu simu yako inatunza kumbukumbu. Panda juu kwenye mazungumzo ya kikundi, urudi wiki tatu nyuma. Alisema nini? Kilitokea? Alirudi kusema? Dakika tano za kusoma yaliyopita zina faida kuliko mwezi mzima wa kubishana.

Swali la tano: ujumbe wake unaishia wapi? Kuna ujumbe unaoishia kwa jambo la kufanya: chemsheni maji, ondokeni bondeni, nendeni kituo cha afya. Kuna unaoishia kwa pesa: tuma kwenye namba hii. Na kuna unaoishia kwa watu: fulani ndio waliosababisha, kabila fulani, wakimbizi, wale wa upande ule wa mpaka. Ukifika hapo, simama.

Katika mji huu hatuwezi kulipita swali hili haraka. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, ni mzaliwa wa hapa Rubavu. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM, kwa kazi waliyoifanya kwa kalamu na kipaza sauti katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wakati ule hapakuwa na WhatsApp. Palikuwa na watu waliojitangaza kuwa wanajua adui ni nani, wakizungumza kwa uhakika, na wasikilizaji ambao hawakuuliza umejuaje.

Nasi tunayasema haya kupitia redio. Kwa hiyo usituamini kwa sababu tu sauti yetu inatoka redioni. Tuulize sisi pia maswali haya matano.

[Muziki mfupi.]

Utasema: "Sawa, lakini ardhi inatikisika sasa hivi. Sina muda wa maswali matano." Ni kweli. Basi fanya hesabu moja tu. Linganisha hasara mbili: nikiufuata ujumbe huu na ukawa uongo, nitapoteza nini? Nisipoufuata na ukawa kweli, nitapoteza nini?

Ujumbe ukisema "lala nje ya nyumba yenye nyufa usiku huu", ukiufuata na ukawa uongo umepoteza usingizi na joto la blanketi. Hasara ndogo. Toka, hata kama humjui aliyetuma. Ukisema "msikae bondeni, pandeni juu kidogo", panda. Ukisema "msivuke juu ya lava, bado ni moto", tii. Mwaka 2021 kuna watu waliokufa kwa gesi wakijaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inapoa.

Lakini ujumbe ukikutaka ufanye jambo lenye gharama kubwa, udai ushahidi mkubwa. "Pandeni boti yoyote usiku huu" ni jambo kubwa. Oktoba 2024 boti iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa. "Uza kiwanja chako haraka, mji unaisha" ni jambo kubwa. "Mtoe mgonjwa hospitalini" ni jambo kubwa sana. Septemba 2018, wakati wa Ebola, watafiti waliwahoji watu 961 huko Beni na Butembo, na karibu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Wapo waliokuwa wakisema kwa sauti ya kujua kwamba ni biashara tu. Ugonjwa huo mpaka ulipokwisha mwaka 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Julai 2019 ulikuwa umefika Goma, hatua chache kutoka tunapozungumzia.

Na katika hesabu hiyo usiwe peke yako. Nenda kwa mtu mwenye jina: kiongozi wa mudugudu, mhudumu wa afya wa kijiji, mtu wa Msalaba Mwekundu, ofisi ya sekta. Piga 112 ukiwa upande wa Rwanda na kuna hatari. Uliza watu wawili wasiosoma kikundi kimoja. Wakikuambia jambo lile lile na kila mmoja amelipata kwingine, lina uzito. Wote wakisema "nimeona kwenye WhatsApp", ni mtu mmoja yule yule amezungumza mara mbili.

Neno la mwisho ni la heshima. Mara nyingi anayekuletea uongo si mwongo. Ni shangazi yako, na ametuma kwa sababu anakupenda. Usimwaibishe mbele ya kikundi kizima. Mtumie peke yake: "Shangazi, shikamoo. Asante kwa kutufikiria. Huyu mtu aliyesema haya tunamjua? Nimeuliza kwa kiongozi wa mudugudu, amesema hivi." Akiona ukweli, mwombe yeye mwenyewe arudi kikundini aseme. Akifanya hivyo mshukuru hadharani. Siku hiyo kikundi chenu kitakuwa kimepata mtu wa kuaminiwa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri ya barazani. Mlimani haifai. Kuna mengi yanayosemwa ambayo hayapo wala hayaji, na kuna yanayokuja bila kusemwa na mtu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kutuma, uliza swali letu fupi: nani amekuambia, naye amejuaje?

Kaa salama, na uwaweke jirani zako salama.

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unazimika.]

Maswali ya kujadili kikundini

1. Taja ujumbe mmoja wa hofu mliowahi kupokea. Ni sehemu gani ilikuwa kweli, na ni sehemu gani iliongezwa?

2. Katika mudugudu wenu, ni nani mnayeweza kumrudia akikosea? Andikeni majina matatu na namba zao, muziweke mahali ambapo kila nyumba itaziona hata simu zikizima.

3. Tangazo la Murara la tarehe 29 Mei 2021 lilikosewa, kisha likarekebishwa. Je, kikundi chenu kina desturi ya kurekebisha? Nani atakuwa wa kwanza?